Kaburi la Akiba

Mdogo wangu Helvi,

Amani ya Mungu iwe kwako. Huku Lapi theluji imeanza, na ng'ombe wetu amezaa. Jana shemeji yako Aukusti alichimba kaburi la akiba kanisani, maana ardhi ikishaganda haichimbiki tena hadi Mei. Kama kila mwaka, watu walimtania mzee Iisakki.

"Babu, chumba chako tayari!"

"Kifupi hicho! Miguu yangu mtaiweka wapi?"

Tulicheka wote, hata mimi. Lakini Helvi, daktari ameniambia theluji hii ikiyeyuka sitakuwepo. Aukusti hajui amemchimbia nani. Njoo kabla barabara haijafungwa, mdogo wangu. Nikimwambia, awepo mtu wa kumshika.

Mungu akulinde njiani.

Dada yako,
Saimi