Makumbi Yako Yaliyobaki Topeni

Mke wangu Mwanaisha,

Leo maji yametoka mbali, pwani ya Pate imebaki tope tupu, na harufu ya makumbi imenifikia barazani. Zamani nilikuwa nikifunga dirisha, nawe ukinicheka: "Wavumilia vumbi la chaki, hii yakushindani?" Siku hizi naliacha wazi.

Unakumbuka siku aliyokuja Bwana Misitu, yule afisa wa serikali wa kutoa vibali? Yule tajiri wa Amu alitaka kuijenga upya bandari ya zamani ya boriti, aweke ghala la mawe na kuusogeza ukuta hadi ndani ya mikoko. Mikoko imehifadhiwa na serikali, hivyo hakuweza kuongeza hata jiwe bila kibali. Tajiri akaandika katika ombi lake kwamba pwani ile haina mtumiaji. Kumbe ndipo nyinyi wanawake mlipofukia makumbi ya nazi tangu enzi za bibi zenu, kila mmoja na shimo lake na kijiti chake, yalale topeni mpaka yalainike, myapige muyasokote kamba.

Tatizo lilikuwa maji. Mashua haifiki Pate ila yakijaa, na mgeni huondoka kabla hayajatoka. Bwana Misitu akasimama bandarini, akaona bahari. "Mashimo yako wapi?" Nikamwonyesha maji.

"Mwalimu asomesha samaki," akasema tajiri.

Lakini mgeni hatoki Pate na njaa. Hilo hata tajiri hakuweza kulipinga. Tukamleta kwetu. Nahodha akatuma neno kwamba maji yanaanza kutoka, nami nikabisha mlango wa ndani.

"Mwambie wali hauyaiva."

Nikabisha tena. "Ungali mbichi." Mara ya tatu nikachungulia, nikakuona umekaa kitako, mafiga hayana hata moto.

"Mwanaisha, mgeni atalala hapa."

"Nalale. Kitanda kipo."

Mashua ikakwama. Jioni Bwana Misitu alishuka topeni, viatu mkononi, na kila mwanamke amesimama penye kijiti chake. Kibali kilipotoka kilisema ghala lijengwe kwenye uwanja wa zamani tu, na ukuta usivuke mkoko wa kwanza.

Sasa tajiri ameomba tena, na karani wake anapita akiuliza kijiti cha mwisho ni cha nani. Hakuna aliyelifungua shimo lako tangu ututoke, na shimo lililotupwa huhesabiwa halina mwenyewe. Ukuta ukipata mahali pamoja pa kupenya, utayameza yote. "Shemeji, lifungue," Zena mdogo wako aliniambia. Nilikawia. Mawe yanayolifunika uliyapanga kwa mkono wako, na hiyo ndiyo kazi yako ya mwisho niliyobaki nayo.

Leo nimeshuka. Wanawake wamenicheka: "Mwalimu, umeacha chaki?" Makumbi yalikuwa yameiva vizuri. Zena anayapiga sasa hivi uani, namsikia. Nimefukia mengine, nikarudisha mawe yako yale yale, lile bapa juu.

Tulikuwa bado topeni, mimi na Zena, karani akaja. "La nani hili?"

"La Mwanaisha."

"Yuko wapi mwenyewe?"

Nikainama kulisawazisha lile jiwe bapa. Zena akamjibu: "Umeuliza shimo, umeonyeshwa shimo. Enda."

Nikijaaliwa, nitalifungua tena mwakani. Nisipojaaliwa, tutakutana kwa rehema zake Mola, nawe utanieleza nilivyoyapanga mawe ovyo.

Mumeo,
ambaye mikono yake yanuka makumbi, wala hajainawa.