Gogo Moja

Bupe, acha unachofanya unisome. Nina hasira.

Natoka pale kibandani kwetu Mbezi. Si unajua mie nafuga nguruwe Pugu, shemeji Fredrick anakaanga na kuuza? Na nilimnunulia gogo la pili, ili nyama mbichi ikatwe kwenye gogo lake na iliyoiva kwenye lake. Nikaweka na jiko la gesi la kuchemshia maji ya kuoshea visu.

Leo nakuta gogo MOJA. Anakata mbichi, anapangusa na kitambaa, anakatia kitimoto kilichoiva cha mteja hapohapo. Jiko kaliuza!

Namuuliza, shemeji, wale wanakwaya walioharisha baada ya kula hapa umeshawasahau? Anacheka. Anacheka, Bupe! "Bakteria hawaonekani, bei ya gesi ndiyo inaonekana. Jirani hachemshi maji na anauza bei ileile. Usafi nani atanilipa?"

Usafi nani atanilipa! Kasema hivyo watu wanatafuna.

Na kinachoniuma, kuhusu bei hajadanganya. Hakuna mteja aliyewahi kuniongezea hata mia kwa sababu ya gogo la pili. Lakini ndiyo tuwalishe watu ugonjwa?

Nikajikaza. Nikamwambia, haya, nifungie hiyo uliyokata sasa hivi, napita kwa dada, niwapelekee wanao.

Kicheko kikakatika. Akaivuta sahani upande wake.

"Hapana, shemeji. Ya watoto nakatiaga nyumbani."