Maswali Aliyoyajibu Binti Yako

Dada yangu mpenzi,

Huku tu wazima. Paa halivuji tena, na cherehani yangu imepona, nimerudi kushona sare. Binti yako anarefuka tu. Viatu vya mwaka jana vinambana.

Shuleni waligawiwa dodoso, karatasi ya maswali kuhusu huzuni na wasiwasi. Majibu yake yakaonyesha hana tatizo lolote. Lakini mshauri wa wanafunzi hakuridhika, maana kila mapumziko humwona amejitenga. Akaniita, tukaketi watatu ofisini kwake.

“Hapa umeulizwa kama unalia mara kwa mara, ukajibu hapana,” akamwambia kwa upole.

“Ni kweli, mwalimu. Mama alipoondoka nililia sana. Siku hizi machozi hayaji hata nikiyataka.”

Nilimshika mkono tu.

Sasa anaonana na mshauri kila Alhamisi, na ameanza kufunguka kidogo kidogo. Jana tukiosha vyombo akaniuliza, “Mama mdogo, kule kazini kwa mama huwa wanatoa likizo?”

Nikamwambia nitakuuliza.

Mdogo wako akupendaye