Maua Dume ya Mamumunya

Mjukuu wangu bwana shamba, ni wewe uliyechuma maua dume yote ya mamumunya, eti hayazai? Leo asubuhi majike mawili yamechanua, nami sikupata hata dume moja la kuyapaka ule unga wa njano. Ikifika saa sita yatajifunga, na vitunda vitaoza kama vya juma lililopita.

Nimekwenda kuomba ua kwa jirani yetu fundi cherehani, ingawa jana niliona yake yamenyauka. Chai iko kwenye chupa. Shina limwagilie chini, majani yana ukungu.

~~Ling'oe tu.~~ Liache.

Najua ulitaka kunipunguzia kazi. Mimi nilitaka uje siku moja tukae sote pale bustanini.

Bibi