Kijiti cha Kwenye Kikuba

Mama, shikamoo. Huku Unguja joto kali, na mimi akili imenivurugika.

Wiki ile nilipofika nilimfungia shangazi kikuba cha asumini na mrehani, akibandike kifuani kwenda harusini. Kumbe kijiti kimoja kilikuwa kiwavi! Mbele ya wanawake wote akajikunja kama kitanzi, akanyooka, akapanda gauni shubiri kwa shubiri kama fundi anayechukua vipimo. Nikapiga ukelele. Shangazi akarudi naye kiganjani hadi nyumbani, mtaa wa Malindi, akamtia koponi na udongo na majani.

Kiwavi akala, kisha akajizika udongoni. Nilipofukua nikakuta kitu kikavu kama kokwa. Nikadhani nimemuua, nikakitupa kwa siri kwenye chungu cha mrehani.

Leo ukutani katua nondo mdogo, mbawa kazitandaza, rangi ya chokaa kuukuu yenye mistari ya mawimbi. Chunguni ganda limepasuka, ndani hamna mtu.

Shangazi anauliza, "Mwanangu, kiwavi wangu nnamtafuta, yuko wapi?" Nimwambie amepotea, au nimwoneshe huyu asiyefanana naye hata kidogo?

Nakupenda, Mama. Na wale nondo wa ukutani kwetu, usiwapige ndara mpaka nirudi.

Mwanao, Salma