Ndiyo ya Sajini na Ndiyo Yangu

Germantown, Novemba 1998

Mjukuu wangu Mumbua,

Sisi tu wazima. Mama yako bado anapiga shifti mbili, na baridi imeshaniingia magotini.

Uliuliza mbona nilinyamaza mbele ya ile ndege kuukuu pale makumbusho, yenye mabawa ya ghorofa, moja juu ya jingine. Wakati wa vita vikuu vya pili tulikuwa nazo kule Wajir, ingawa zilikuwa zimepitwa na wakati. Shida ni kwamba adui naye alirusha za mabawa hayo hayo. Kazi yangu ilikuwa kukodoa macho angani.

Siku moja ikaja moja, chini chini, injini ikikohoa. Niliitambua, ilikuwa yetu. Sajini wetu Mzungu akaniuliza, "Si ya adui?"

Nikajibu, "Ndiyo." Yaani kweli, si ya adui.

Yeye akasikia ndiyo ya kwao, ya Kiingereza: kwamba ni ya adui. "Piga!"

Mwenzangu Mutua alikuwa ameshika bunduki ya rasharasha, kidole tayari. Akanitazama. Alikuwa amenisikia kwa Kiswahili, akakitoa kidole. Sajini alikuwa bado anafoka ndege ilipotua, na rubani wetu akashuka akiomba maji.

Sasa juzi kwa simu nilikuuliza, "Huji Krismasi?" Ukajibu, "Yeah, Babu." Mama yako ameshaomba ofu kazini. Niambie, hiyo ilikuwa ndiyo ya nani?

Babu yako