Mpe Kiti Baba Mdogo wa Neema

Fort Worth, Jumapili baada ya ibada

Mama yangu mpenzi,

Goti lako linasemaje siku hizi? Kaka anadai unapanda mlima kwenda shambani kama msichana, lakini kaka ni wa kukusifu tu, kwa hiyo naomba ukweli utoke kwako. Sisi huku ni wazima. Mume wangu bado yuko ghalani, anapakia maboksi mpaka mgongo unamuuma. Mjukuu wako nikimsemesha Kiswahili ananijibu Kiingereza, ila ugali anauelewa vizuri sana.

Mimi namtunza mama mmoja mzee kule Plano, Madamu Ester. Ni Myahudi aliyezaliwa Ubelgiji, ndiyo sababu ofisi ya kazi ilinipeleka kwake, tuongee Kifaransa. Chai yangu anaiita maji ya kuoshea vikombe. Tunapendana.

Ijumaa, kabla jua halijazama, aliwasha mishumaa miwili mezani, na huku umeme unawaka nyumba nzima. Mama, unajua ulivyonilea: mshumaa ni wa siku umeme umekatika, na kipande kinachobaki kinarudi kabatini. Alipoingia bafuni nikaipuliza yote miwili, nikajiona mwenye akili. Kumbe ni mishumaa ya sabato yao, haizimwi, inaachwa iishe yenyewe.

Aliporudi alicheka mpaka nikamshika asianguke. Kisha akakaa, machozi yakamtoka.

"Hata mimi niliwahi kuipuliza," akasema.

Akanieleza. Alipokuwa mdogo sana Wajerumani waliikalia nchi yao, na Wayahudi wakasakwa, hata watoto. Mama yake akamwacha kwa mkulima mmoja na mkewe, watu wa kawaida wenye ng'ombe wachache. Wakampa jina la Kikristo, wakamfundisha ishara ya msalaba, wakamwonya kwamba desturi yoyote ya Kiyahudi ikionekana, watakufa wote. Akawaita baba na mama, na aliyemzaa akamsahau. Vita vilipokwisha, mama yake akatokea mlangoni, amekonda. Mtoto akajificha nyuma ya mke wa mkulima. Yule mke hakumfukuza mgeni, wala hakumkabidhi mtoto siku ile ile. Alimwambia, "Kaa hapa kwetu mpaka akuzoee." Ijumaa ikafika, mama mzazi akawasha mishumaa, na Ester mdogo akakimbia kuipuliza. Mke wa mkulima ndiye aliyechukua kiberiti, akaiwasha tena. Akamwambia, "Sasa hakuna anayekutafuta akudhuru. Na huyu ni mama yako."

"Angesema mtu mwingine, nisingeamini," Madamu Ester akaniambia.

Mama, tangu siku hiyo nakuwaza wewe. Askari walipopita nyumba kwa nyumba wakiwasaka watu wa kabila la jirani zetu, ulimficha mtoto wao nyuma ya magunia ya muhogo, na baadaye ukawaambia watu ni wako. Ukampa jina la Neema, la mdogo wangu aliyetutoka kwa surua. Hakuna aliyekutuma. Sasa kaka amenipigia kwamba baba mdogo wa mtoto, ndugu pekee aliyebaki, alikuja kumwulizia, nawe ukamjibu palepale mlangoni kwamba hapa hakuna mtoto wa watu. Nilipomsimulia mume wangu, aliuliza jambo moja tu: "Na kiti, mama hakumupatia?"

Iliniuma. Wewe, ambaye hata mtoza kodi unamwekea chakula! Najua si roho mbaya. Ulimzika Neema wa kwanza na unaogopa kubaki mikono mitupu tena. Hata mimi naogopa. Huyu mtoto akiniita dada kwenye simu nalainika kabisa. Lakini kaka anasema yule bwana alipobisha hodi, Neema alikimbilia nyuma ya magunia mwenyewe, bila kuambiwa. Vita vimepita, Mama, na mtoto bado anajificha.

Naomba umtume kaka amtafute yule bwana kabla hajarudi kwenye kambi ya wakimbizi. Mpe kiti. Mpikie sombe, yale majani ya muhogo unayoyatwanga mwenyewe, na alale kwetu siku atakazopenda. Sisemi mtoto aondoke kesho. Wamalize kwanza kuzoeana, na mengine mtayaamua pamoja. Ila mwite Neema akae mezani naye, umwambie wazazi wake walikuwa nani na kwamba hakuna tena wa kumkimbia. Mwingine yeyote akimwambia, hataamini. Wewe ndiye uliyemfundisha kujificha.

Nisalimie shangazi, umwambie dawa yake ya macho nimeshampa mgeni anayekuja huko. Msalimie kaka na mkewe, na huyo mtoto wanayemngoja. Msalimie na jirani yetu fundi cherehani.

Na mdogo wangu msalimie kwa jina la Neema, kisha kwa lile alilopewa na mama yake mzazi. Nalikumbuka, lakini siliandiki hapa. Nataka alisikie kwanza kinywani mwako.

Mwanao akupendaye,
Riziki